Ugonjwa Tusioutaja

Jumatatu, 16 Juni 1941

Shule imefunguliwa, na mvua nayo. Nilifika darasani viatu vimejaa maji, na Padre Eusebio akanichagua mimi kusoma somo la kwanza mbele ya wote. Sauti ilikwama. Wenzangu wananiita Sakristia, kama kile chumba cha kanzu za padre kanisani, kwa sababu, wanasema, ndani yangu kuna giza, kuna kimya, na kunanuka vitabu vya zamani.

Daftari hili nimepewa na Bruda Hilarion, mtunza zahanati ya shule, ambaye hunisaidia kukunja bendeji baada ya masomo. Hapana, nimeandika vibaya: mimi ndiye ninayemsaidia. Alisema mtu asiyeweza kusema mbele za watu aandike pembeni. Sijui kama alikuwa ananitania.

Alhamisi, 19 Juni

Leo ilikuwa zamu ya Daktari Mandigma. Huja kila Alhamisi kutazama macho, masikio na mapele ya wanafunzi, bila malipo, kwa sababu na yeye alisoma hapa. Picha yake iko ukutani karibu na ngazi: kijana mwembamba mwenye suti nyeupe iliyomzidi, medali tatu kifuani. Alikuwa mtoto wa mpandaji miwa. Mapadre walimsomesha naye akawa anafagia kanisa. Baadaye akaenda Manila kwa Wadominiko akawa wa kwanza katika anatomia. Jeshi ndilo lililomlipia ada ya mwaka wa mwisho wa udaktari, kwa hiyo mpaka leo ni kapteni wa akiba.

"Na jeshi halisahau," alimwambia Bruda, akicheka.

Aliniuliza ninasoma nini. Nikamwonyesha. Akasema kitabu hicho ni cha watoto, akafungua mkoba wake, akanipa kikubwa cha magonjwa ya kifua na moyo. Alisema nisikiweke karibu na kahawa. Nimekifunga kwa khanga ya zamani ya Inay na kukilaza chini ya mto. Inay ni mama yangu, na hapendi vitabu vyenye picha za watu waliopasuliwa.

Ijumaa, 4 Julai

Mvua. Kilatini. Mvua.

Jumapili, 13 Julai

Kuya Ambo amemaliza kupigilia bati la mwisho. Kaka yangu ana miaka ishirini, anafanya kazi kwenye kinu cha kahawa, na mwaka mzima amekuwa akiondoa makuti na kuweka bati, kipande kwa kipande, mpaka nyumba yetu imekuwa ya pili kwa kung'aa mtaani. Inay alisimama barabarani kuitazama akiwa ameshika kiuno, kama mtu anayenunua farasi. Mvua iliponyesha jioni hatukuweza kusikilizana mezani. Kuya alinipigia kelele, "Bwana Kamusi, leo umepata nyumba inayokufaa, hakuna anayeweza kukuuliza kitu."

Niandike jambo moja hapa, kwa kuwa mahali pengine siwezi. Kuya alipokuwa na miaka tisa aliugua. Nilikuwa na miaka mitano, nakumbuka magoti yake yalivyovimba mpaka hakuvumilia shuka. Baba alikuwa ameshafariki. Inay alikwenda kwa miguu mpaka kwenye altare ya Mtakatifu Roko akaweka nadhiri: kijana akipona, atabeba machela ya Mtakatifu kila sikukuu maisha yake yote, peku, na ugonjwa ule hautatajwa tena na mtu yeyote wa nyumba yetu. Huo ndio utaratibu wa nadhiri huku kwetu. Ugonjwa ulioondolewa ukiuita, unarudi. Kuya alipona. Mwaka uleule nami niliumwa koo na magoti, siku chache tu, na kwa kuwa sikuwa mahututi hakuna aliyeniwekea nadhiri. Lakini na hilo hatulitaji.

Jumamosi, 16 Agosti

Sikukuu ya Mtakatifu Roko. Asubuhi mvua ilipumzika na bendi ikapita mapema. Kuya alichukua nafasi yake, nguzo ya mbele kushoto, kamba ya kahawia ya nadhiri kiunoni. Luming, binti wa muuza vitambaa, alikuwa dirishani kwao, na Kuya alijifanya hamwoni.

Machela ni mazito. Sanamu, mbwa wa sanamu, maua, mishumaa. Kwenye mlima wa kutoka mtoni nilikuwa upande wake. Niliona midomo yake imekuwa na rangi ya zambarau kama aliyekula matunda ya duhat. Alisimama. Machela yote yakasimama, bendi ikapitiliza mbele peke yake. Wanaume wa nyuma walianza kumtania, mmoja akauliza kama bwana harusi ameshachoka kabla ya harusi. Kuya alicheka, akavuta pumzi, akaendelea.

Nilipomuuliza baadaye alisema ni joto. Inay alisikia swali langu. Alinitazama kwa muda mrefu.

Jumatatu, 1 Septemba

Wanaume wa akiba wa mkoa wetu wameitwa. Daktari Mandigma ni kapteni kweli sasa, anavaa kaki. Kuya ni miongoni mwa walioitwa. Amefurahi kama ambaye jogoo wake ameshinda pigano. Inay alipika wali mweupe wa sherehe na hakula.

Alhamisi, 11 Septemba

Wanajeshi wapya wamepimwa leo katika ukumbi wa michezo wa shule yetu, kwa sababu kambini hema zimejaa maji. Bruda alinichukua nikashike ndoo na taulo. Walisimama mstari mmoja vifua wazi, wakitetemeka, mmoja baada ya mwingine mbele ya Daktari. Aliwatazama meno, aliwabinya tumbo, aliweka stetoskopu kifuani, akauliza kama mtu amewahi kuugua ugonjwa mkubwa, akasema anayefuata.

Mvua ilikuwa ikipiga bati la ukumbi kwa nguvu isiyo ya kawaida. Nilimwona Daktari akiukandamiza mpira wa stetoskopu masikioni, akifumba macho, kisha akiacha. Kuna mtu alimwambia kanali anasubiri. Aliendelea. Sikuwahi kumwona akifanya kitu haraka hivyo. Alhamisi zote hizi alikuwa akilitazama jipu la mtoto wa darasa la kwanza kama kwamba dunia haina kazi nyingine.

Ikafika zamu ya Kuya. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko nilivyo sasa na dirisha hili.

"Umewahi kuugua ugonjwa mkubwa?"

"Sijawahi kuugua, Daktari," alisema Kuya. Alinikonyeza.

Stetoskopu iligusa kifua ikaondoka. Anayefuata.

Jumatano, 17 Septemba

Wamepewa kofia ngumu za makumbi ya nazi na viatu vya turubai. Bunduki hazitoshi, wengine wanafanya gwaride na za mbao. Kuya anasema yake ya mbao ina faida kwamba haishiki kutu.

Jumapili, 28 Septemba

Bwana Ishida, Mjapani mwenye duka la barafu na maharage matamu karibu na soko, amenipa bakuli kubwa kuliko nililoagiza. Duka zima lilikuwa tupu isipokuwa mimi.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimeisoma sura ya homa ya baridi yabisi mara nyingi mno. Huanza na koo. Kisha magoti, viwiko, vifundo. Kisha magoti hupona kabisa, na watu hushukuru Mungu, na ugonjwa unakuwa umeshahamia kwenye moyo, unakaa humo kimya miaka kumi, au zaidi. Mgonjwa hajui. Midomo hubadilika rangi akipanda mlima. Kitabu kinasema mtu wa namna hiyo asibebeshwe mzigo wala asikimbizwe.

Kambini wanakimbia kila asubuhi mpaka mtoni na kurudi, na mabegi mgongoni.

Nikisema, nimevunja nadhiri ya mama yangu. Nisiposema, ninamtazama Kuya akikimbia. Nimesali rozari ya mwezi huu nikiwa nawaza mambo haya tu, kwa hiyo sidhani kama imehesabiwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimesema.

Daktari alikuja zahanati na tope mpaka magotini. Bruda alitoka kuchota maji ndipo nikaanza, na nilianza vibaya, nilianza na kitabu. Nikauliza kuhusu sura ile kama mwanafunzi. Alijibu kidogo, akawa ananawa mikono. Kisha akaacha kunawa, akauliza ni nani. Nikamwambia. Magoti, shuka, mlima, midomo.

Hakunikaripia. Aliketi kwenye kitanda cha wagonjwa, maji yakimtiririka viwikoni.

"Nilimuuliza," alisema. "Nilimuuliza mbele yako."

Nikamweleza habari ya nadhiri. Alisema anaijua, nyumbani kwao walikuwa na ya kwao, dada yake alifariki bila ugonjwa wake kutajwa. Baada ya hapo alitazama juu, kwenye dari, kama anayesikiliza lile bati la ukumbi, ingawa pale zahanati ni vigae na mvua haikuwa na kelele kabisa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Daktari alimleta Kuya shuleni na akatafuta mahali pa kimya kuliko pote. Wote watatu tulijikuta sakristia, kuta za mawe, kati ya makabati ya kanzu. Kuya alinitazama mara moja tu. Alikuwa anajua.

Daktari alisikiliza kwa muda mrefu, mbele, ubavuni, mgongoni. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitarajia, alinipa mimi stetoskopu. Moyo wa mtu hugonga mara mbili, hupumzika, hugonga tena. Wa Kuya uligonga, kisha ukaja mvumo, kama mtu anayesukuma makapi ya mpunga kwa unyayo, kisha ukagonga. Kila mara mvumo ule. Nilisikiliza kwa dakika nzima na sikutaka kuondoa mkono, kwa sababu nikiondoa ningelazimika kumtazama usoni.

Sheria ni kumrudisha nyumbani. Kuya alikataa. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, kama anayeungama, kwamba wenzake wa kinuni wote wako kambini, kwamba baba yake Luming ameanza kumwitikia salamu tangu avae kaki, kwamba akirudi watu watasema ameogopa na hawezi hata kuwaambia sababu, kwa sababu sababu yenyewe haitajwi. Alisema afadhali akimbie mpaka aanguke.

Daktari alitembea kutoka kabati hadi kabati. Mwishowe akasema kuna hospitali ya jeshi huko Pampanga, karibu na uwanja wa ndege, wanahitaji karani wa stoo ya dawa anayejua kuandika vizuri. Kazi ya kuketi. "Nimekaa huko," alisema. "Ni mahali pa kimya kuliko pote kisiwani. Alasiri nzima watu wanacheza karata."

Kuya alinipiga konzi kichwani tulipotoka, si kwa nguvu. "Sakristia," alisema. Sikujua kama analijua jina hilo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kuya ameondoka kwa treni. Upepo mkali tangu jana, migomba yote ya nyuma imelala.

Jumamosi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Tulikwenda makaburini kumsafishia Baba. Watoto walikuwa wakikusanya nta ya mishumaa na kuiviringisha mipira, kama tulivyokuwa tukifanya mimi na Kuya. Inay aling'oa majani ameinama. Nilidhani amechoka.

Kisha akauliza, akiwa bado ameinama, kwa nini jeshi limemwondoa mwanawe kwa wenzake na kumkalisha kwenye kiti kama mzee. Mke wa fundi viatu alimwambia kwamba ni kwa sababu ya ugonjwa. Ugonjwa gani, Inay alimuuliza, na yule mwanamke akamjibu, mwanao mdogo si anajua.

Nikamwambia ukweli wote. Nikamwambia kwamba pale anaketi, hakimbii, habebi. Nikajaribu kumweleza moyo kwa mikono, jinsi vizibo vyake vinavyofunga na kufungua. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, na kwa muda nilifikiri ameelewa.

"Umeuita," alisema. "Miaka yote hii ulikuwa umepotea njia. Sasa unajua kwetu."

Aliendelea kung'oa majani mpaka kaburi likabaki udongo mtupu, na hata hapo hakuacha.

Jumatano, 12 Novemba

Inay hupika, hupakua, haniambii neno. Mvua juu ya bati inasaidia. Hatuonekani kama watu walionuniana, tunaonekana kama watu wasiosikilizana.

Alhamisi, 20 Novemba

Kuya amekuja kwa likizo ya siku moja. Amenenepa. Amejifunza kupiga chapa kwa vidole viwili na anasema siku nzima anahesabu bendeji na kugombana na paka wa stoo. Hospitali ina bustani, wauguzi wa Kimarekani wanapaka rangi kucha. Alimfanya Inay acheke. Alasiri alikwenda kwa baba yake Luming na akarudi akipiga mluzi.

Kabla ya kuondoka alinivuta uani. Alisema nisimsikilize Inay, kwamba wiki za mwisho kambini alikuwa akiamka asubuhi na kuogopa mlima wa mtoni kuliko anavyoogopa jeshi lolote, na hakuwa na mtu wa kumwambia. "Wewe ulinisemea," alisema. Kisha akaona ameongea sana, akaniuliza kama nimeshawahi kuongea na msichana hata mmoja.

Nimelala usingizi leo mchana, mara ya kwanza tangu Septemba.

Jumatano, 3 Desemba

Duka la Bwana Ishida limefungwa kwa mbao. Watoto wanasema aliondoka na mashine ya barafu, wengine wanasema aliiacha. Tumefanya zoezi la kuzima taa mji mzima. Padre Eusebio alijikwaa kwenye ngazi, hakuna aliyethubutu kucheka.

Jumatatu, 8 Desemba

Sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Hakuna shule, kanisa lilijaa. Katikati ya misa mtu aliingia kwa mlango wa pembeni, akamnong'oneza Padre. Padre alimaliza sala, akageuka, akatuambia kwamba Wajapani wamepiga Hawaii alfajiri, na Baguio asubuhi hii. Baguio iko kisiwani kwetu. Wanawake walianza wimbo wa Bikira bila kungojea kinanda.

Alasiri nilikimbilia zahanati kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Daktari alikuwa huko akipakia bendeji zetu kwenye lori. Alinyoa nusu ya uso tu, nadhani alikatizwa. Nilimuuliza kuhusu Pampanga. Alisema uwanja wa ndege ulipigwa saa sita na nusu mchana, watu wakiwa mezani. Nikauliza kuhusu hospitali. Alisema amepiga simu na laini haiitiki, na laini isiyoitika haina maana ya kitu chochote.

Kisha akasema, si kwangu, "Nilipachagua kwa sababu ya kimya."

Inay alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yetu nilipofika. Alikuwa na kamba ya kahawia ya Kuya mapajani.

Jumanne, 9 Desemba

Hakuna habari. Mvua nyembamba. Wamekuja kuuliza kama tuna magunia ya mchanga.

Alhamisi, 11 Desemba

Hakuna habari.

Ijumaa, 12 Desemba

Dereva wa gari la wagonjwa la ile hospitali ya Pampanga, mtu wa upande wa pili wa mto, amerudi kuchukua familia yake. Alisimama mlangoni akavua kofia, na Inay alianza kutikisa kichwa kabla hajafungua mdomo.

Nitaandika alivyosema. Hospitali haikupigwa. Bomu halikugusa hata bustani. Lakini kutoka uwanjani walianza kuletwa majeruhi kwa malori, kwa mikokoteni, kwa milango iliyong'olewa, na wabebaji hawakutosha. Kuya aliacha stoo. Alishika machela. Dereva alimwona akipanda na kushuka ule mteremko wa hospitali alasiri yote, nguzo ya mbele kushoto, kila mara nguzo hiyohiyo, na alipomwambia apumzike alijibu kwamba ameizoea. Magharibi walimkuta ameketi akiegemea ukuta, kofia ya makumbi magotini. Walimgeuza kutafuta jeraha. Hakukuwa na jeraha.

Dereva alilirudia hilo mara kadhaa, kama zawadi. Hakuwa na jeraha hata moja, mama. Alikuwa mzima.

Inay alinitazama mimi.

Jumapili, 14 Desemba

Daktari Mandigma amekuja baada ya misa. Kikosi chake kinakwenda pwani usiku huu, kuna meli zimeonekana, au hazijaonekana, hakuna anayejua. Aliegesha lori mbali, akaja kwa miguu kwenye mvua kubwa, akavua viatu mlangoni kama mtu wa nyumbani. Alishika mkono wa Inay akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, yeye kapteni, jinsi tunavyofanya kwa wazazi. Alimwambia kwamba kosa ni lake. Inay alimjibu kwamba kahawa iko tayari.

Tulikunywa. Bati lilipiga kelele hivi kwamba kila neno lilibidi lisemwe kwa nguvu, na rambirambi haifai kusemwa kwa nguvu, kwa hiyo tulikaa tu. Nilimtazama Daktari. Miezi hii yote nimemwona kama picha ya pale ngazini. Leo nimeona mtu aliyezeeka shingo.

Alipoinuka kuaga alinitazama. Alitazama midomo yangu, kisha kucha zangu. Niliujua mtazamo ule, nimeuona nikikunja bendeji Alhamisi nyingi. Akamgeukia Inay, akapaza sauti juu ya mvua.

"Na huyu? Mwaka ule kaka yake alipougua, huyu alikuwaje?"

Inay hakusita hata kidogo. Alikuwa ameishika kamba ya kahawia, ameizungusha kiganjani mara nyingi mpaka vidole vimepauka.

"Huyu hajawahi kuugua," alisema.

Kulikuwa na nafasi pale. Daktari angeweza kuweka kofia kichwani na kwenda, lori lilikuwa linapiga honi. Inay alikuwa akinitazama, si kwa hasira, alikuwa akiniomba. Sijawahi kuombwa kitu na mama yangu.

Nikasimama. Sauti ilikwama mahali pake pa siku zote, kisha ikatoka, kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Nimewahi, Daktari. Koo kwanza. Halafu magoti. Nilikuwa na miaka mitano."

Inay alifunika uso kwa ile kamba. Daktari aliweka kofia mezani. Alinifungua vifungo vya shati mwenyewe, akatoa stetoskopu, akaipasha joto kiganjani kama anavyofanya kwa watoto wadogo, akaiweka. Akafumba macho. Nilimwona anakaza uso, anajaribu kusikia, kisha anafumbua macho na kutazama juu kwenye bati la Kuya.

Hakusema anayefuata. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, bado ameishikilia kifuani pangu. Honi ikapigwa tena huko barabarani na hakugeuka. Tukakaa hivyo, watatu, tukingoja mvua ipungue.